Mkia wa silikanti, mikia ya vilindini, na mifupa iliyomo ndani

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uvuvi, naishi Tanga. Nilimwona silikanti, yule samaki wa kale, aliyehifadhiwa nikashangazwa na pezi lake la mkia: lina sehemu tatu, na ile ya katikati ni kimkia kingine kinachochomoza peke yake. Baadaye nikaangalia picha za samaki wengine wa kina kirefu. Wengine mkia umechongoka bila pezi lolote, wengine wana uzi mrefu kuliko mwili. Wenzangu wanasema ni shinikizo la maji linalofanya hivyo. Ni kweli? Na ndani ya mikia hiyo kuna mifupa gani?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, ingawa naelewa kwa nini wenzako wanafikiri hivyo. Samaki akiwa mita 1,000 chini, kila sentimita ya mraba ya mwili wake inabanwa kwa uzito wa takribani kilo 100. Ukisikia hesabu hiyo unaona lazima kitu kipondeke. Lakini anabanwa pande zote kwa usawa, na mwili wake wenyewe umejaa maji, ambayo hayabonyei kirahisi. Kinachopata taabu ni hewa, na kwenye pezi la mkia hakuna hewa. Kuna mifupa, gegedu, misuli, mishipa na ngozi. Ni kweli kwamba vilindini kabisa shinikizo husumbua protini za mwili, na samaki wa huko wana kemia yao ya kulikabili, ila hilo halirefushi mkia wala kuufupisha.

Ukitaka kujua mkia fulani umepataje umbo lake, uliza kwanza samaki huyo ni wa ukoo gani. Habari ya kina uiulize baadaye. Ushahidi huna haja ya kuufuata mbali. Kamongo wa Ziwa Viktoria, ambaye Tanzania wengi humwita kambare mamba, anaishi kwenye vinamasi na maji mafupi, na mkia wake umechongoka. Pezi la mgongo, la mkia na la chini yameungana kuwa ukanda mmoja. Mkunga wa miambani ni vivyo hivyo, naye anakaa kwenye matundu ambayo maji yakitoka akina mama wa pweza wanayafikia kwa miguu. Kwa upande mwingine, wapo samaki wadogo wa jamii ya Myctophidae, spishi zaidi ya 200, wenye vitone vya mwanga mwilini. Mchana wanashinda gizani, wengi wao kati ya mita 400 na 1,000, na usiku wanapanda kula karibu na uso wa bahari. Hao mkia wao una panda mbili safi, huwezi kuutofautisha na wa samaki wa juu. Kama kina ndicho kingekuwa kinachonga mikia, tungetarajia kinyume cha haya yote.

Sasa mifupa. Siwezi kukueleza mkia wa silikanti kabla hujaujua mkia wa kawaida, kwa hiyo anza na changu. Nunua mkubwa, mchemshe kidogo kwa maji matupu, kisha ondoa nyama ya shina la mkia taratibu kwa vidole na mswaki wa zamani. Kisu kiache, kwa sababu mifupa unayoitafuta ni bapa, myembamba, na inakatika bila wewe kujua.

Utaziona pingili za uti wa mgongo zikija nyuma zikipungua ukubwa. Kila moja ina mwiba unaoelekea juu, unaokinga neva kuu ya mgongoni, na mwiba unaoelekea chini, unaokinga mshipa mkubwa wa damu. Ukifika mwisho kabisa, uti haumaliziki katikati ya pezi kama unavyodhani ukimtazama samaki kwa nje. Unapinda juu na kuishia kwenye kijiti kilichochongoka kiitwacho urostaili. Chini ya kijiti hicho zimetandazwa sahani bapa za mfupa, pana upande wa nyuma na nyembamba upande wa mbele, kama upepeo wa ukili uliofunguliwa. Hizo ndizo hipurali, na ndizo moyo wa jambo zima. Kwa changu na jamaa zake kwa kawaida ni tano, ingawa baadhi huungana. Mbele yake kuna moja ambayo bado inapitisha mshipa wa damu, inaitwa parahipurali. Juu ya urostaili utakuta vijifupa vichache vinavyoelea bila kushikana na pingili, yaani epurali, na ubavuni vijiti viwili vitatu vya kuimarisha pindo, yaani uroneurali. Hivi vya mwisho ni rahisi kuvipoteza kwenye maji ya kuoshea.

Hipurali hizo si mifupa mipya. Ni ile miiba ya chini ya pingili za mwisho, imepanuka ikawa sahani. Maana yake ni kwamba pezi la changu, ambalo kwa nje ni sawasawa juu na chini, kwa ndani karibu lote limening'inia upande wa chini wa uti. Usawa wake ni wa nje tu. Ukimtazama kifaranga cha samaki wa namna hii siku chache baada ya kuanguliwa utaliona jambo lenyewe likitokea: uti wake, ambao bado ni fimbo laini ya notokodi, umenyooka hadi mwisho, na vichipukizi vya hipurali vinaota chini ya ncha. Kisha ncha inapinda kwenda juu, sahani zinageuka kuelekea nyuma, na kile kilichoanza kuwa pezi la chini kinakuwa mkia. Wanaochunguza vifaranga hutumia hatua hiyo ya kupinda kupanga umri: kabla ya kupinda, wakati wa kupinda, baada ya kupinda.

Kwenye sahani hizo ndipo inapokaa miale, yaani vijiti vinavyolitandaza pezi. Kila mwale umeundwa na nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, zilizokumbatiana na kuikamata sahani kati yao. Misuli ya shinani ikivuta nusu moja, ile nusu inateleza dhidi ya mwenzake na mwale mzima unapinda. Kwa njia hiyo samaki anaweza kulegeza au kukaza pezi bila kuwa na msuli hata mmoja ndani ya pezi lenyewe. Kumbuka jambo hili, litarudi tukifika kwa samaki wenye nyuzi.

Idadi ni ushahidi mzuri wa ukoo. Dagaa papa ana hipurali sita na miale mikuu 19, kumi juu na tisa chini, na hesabu hiyo ya 19 ni ya zamani sana kati ya samaki wenye mifupa tunaowala. Changu na ukoo wake mpana wamepungua hadi 17. Jodari amekwenda mbali zaidi: hipurali zake zimeungana kuwa bamba moja imara, na miale inalifunika bamba hilo karibu lote pande mbili, ili pezi lisichezecheze anapokimbia mwendo mrefu. Sasa rudi kwa wale Myctophidae wa gizani. Ncha imepinda juu, sahani ziko chini yake, miale mikuu ni 19, kumi juu na tisa chini. Mkia wa dagaa, huko mita 800.

Silikanti ni habari nyingine kabisa. Hana urostaili, hana hipurali, na wala hana pingili kamili. Uti wake ni notokodi iliyobaki maisha yote: mrija mnene wenye ukuta wa nyuzi ngumu, umejaa kimiminika, unaoanzia kichwani na kwenda moja kwa moja bila kupinda hadi ndani ya kile kimkia cha katikati. Hicho ulichokiona kikichomoza ni mwisho halisi wa uti wake ukiwa na kipezi chake kidogo. Juu ya mrija imepangwa safu ya miiba, chini safu nyingine. Kila mwiba unashikilia kijifupa kimoja, na kila kijifupa kinashikilia mwale mmoja. Juu hivyo, chini hivyo, idadi ikikaribiana. Kwa hiyo usawa wa mkia wa silikanti ni wa kweli, ndani na nje, tofauti na ule wa changu. Ukiweka picha mbili za eksirei pamoja hutahitaji maelezo yangu: kwa changu utaona mstari wa pingili unaopinda na kuishia kwenye sahani, kwa silikanti utaona mfereji mtupu katikati, maana notokodi haina mfupa, na safu mbili za miiba zinazotazamana.

Miiba hiyo yenyewe ni mirija: ganda jembamba la mfupa, ndani gegedu. Kwenye kisukuku gegedu huoza na kuacha tundu, na ni tundu hilo lililomvutia mtaalamu wa visukuku Louis Agassiz mwaka 1839 alipoliita kundi hili kwa jina linalomaanisha mwiba ulio wazi ndani. Alikuwa na kisukuku cha mkia kutoka Uingereza. Kundi zima likapewa jina kutokana na mkia, na karibu miaka mia moja baadaye mkia ukahusika tena. Tarehe 22 Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la East London, Afrika Kusini, alimkuta samaki wa ajabu kwenye shehena ya meli ya kukokota nyavu. Mchoro wa mkono alioutuma kwa mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith ulionyesha wazi kile kipande cha katikati. Smith alikuwa anavifahamu visukuku, na mkia wa namna ile ulijulikana kwa kundi lililodhaniwa limetoweka pamoja na dinosaria. Wa pili alipatikana mwaka 1952 Anjouan, Visiwa vya Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimfahamu siku zote kwa jina la gombessa. Jacques Millot na Jean Anthony wa Paris ndio waliokuja kumpasua vipande kwa vipande, na sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya mrija ule na miiba yake inatoka kwenye kazi yao.

Je, mkia huo wa sehemu tatu unamsaidiaje? Hapa ilibidi kusubiri hadi mwaka 1987, mtafiti Hans Fricke na wenzake walipomwona akiwa hai katika maji ya kisiwa cha Ngazidja, Komoro, wakiwa ndani ya nyambizi yao ndogo iitwayo Geo. Walichokikuta si mkimbiaji. Silikanti anaelea na mkondo, akichezesha mapezi ya ubavuni na ya tumboni kwa kupishana, na akipiga makasia kwa pezi la pili la mgongo na lile la chini. Pezi kubwa la mkia linabaki tuli muda mwingi, limehifadhiwa kwa ajili ya kuchomoka ghafla. Kimkia cha katikati, hata hivyo, hupinda huku na huku, na inaelekea kinamsaidia kuweka mwili sawa, pamoja na pale anapofanya ule mchezo wake wa kusimama kichwa chini mkia juu. Mkia mpana, mzito, wenye eneo kubwa la kusukuma maji mara moja tu: huo ni mkia wa mviziaji. Chewa mkubwa wa miamba ana mkia mpana kwa sababu hiyohiyo, na mifupa yao haifanani hata kidogo.

Hapa niseme kitu ambacho watu wa Tanga mna haki ya kukisema kwa sauti. Silikanti si samaki wa vilindi halisi. Komoro anashinda mapangoni karibu mita 200, na kwenu wamekuwa wakinaswa kwenye majarife ya papa, nyavu ambazo mvuvi wa mashua anazitega mwenyewe. Wa Malindi alipatikana mwaka 2001, wa Tanzania wakaanza kuandikwa kuanzia 2003, wengi wakitoka Tanga, hata ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Kwa hiyo kumtumia yeye kama mfano wa kile ambacho kina kinafanya ni kuanza vibaya. Mkia wake ameurithi. Visukuku vya jamaa zake walioishi kwenye maji mafupi, hata ya mitoni na maziwani, vina mkia uleule wa sehemu tatu.

Kuna utafiti mmoja unaofaa kuujua hapa, ingawa si kila mtaalamu wa anatomia anaukubali kwa uzito uleule. Mwaka 2016 mtafiti wa visukuku Lauren Sallan alichunguza visukuku vya vifaranga vya samaki aitwaye Aetheretmon, wa miaka milioni 350 hivi, kutoka Uskoti. Vifaranga hivyo vilikuwa na mikia miwili, mmoja juu ya mwingine: wa juu wenye nyama na uti ndani, wa chini wa pezi. Hoja yake ni kwamba samaki wa kale walianza na vyote viwili, kisha koo mbalimbali zikapunguza kimoja au kingine. Samaki wa ukoo wa changu walikata ule wa nyama ukabaki urostaili tu, wakakuza wa pezi. Wanyama wa nchi kavu walipoteza wa pezi wakabaki na wa nyama. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu, hasa ukiwa umeshamtazama kifaranga wa siku tatu chini ya hadubini.

Tuje kwa hao waliochongoka. Picha uliyoona bila shaka ni ya jamii ya Macrouridae, mkia-panya, spishi karibu 400, wanaotawala miteremko ya bahari duniani kote na wengine kufika zaidi ya mita 6,000. Kichwa kikubwa, mwili unaopungua hadi kuwa uzi. Hawa ni wa oda ya Gadiformes, pamoja na samaki wa Atlantiki ya Kaskazini wa jenasi Gadus ambaye biashara yake ilijenga miji. Sasa angalia. Gadus ana pezi la mkia zuri, lakini ukilifungua unakuta hipurali zinabeba sehemu tu ya miale. Mingine mingi inashikiliwa na miiba ya juu na ya chini ya pingili za kawaida zilizo mbele. Ni mkia uliokopa mifupa ya mwili. Mkia-panya wa kawaida hata hicho hana. Pingili zinazidi kupungua hadi zinakuwa punje, sahani huzioni, na pezi la mgongo na la chini yanakutana nchani.

Tokeo moja la mpangilio huo ni la kazi, na ukija kufanya kazi kwenye meli ya utafiti utalihitaji. Mikia hiyo hukatika. Inakatika kwenye nyavu, na inakatika samaki akiwa hai, kisha jeraha linapona na miale michache inaota nchani na kufanya kijipezi cha uongo. Mgeni akikiona hukiandika kuwa pezi la mkia. Kwa sababu hiyo hatupimi urefu wa mkia-panya kutoka mdomo hadi ncha, tunapima kutoka mdomo hadi mwanzo wa pezi la chini, au kichwa peke yake. Ukiona jedwali lenye urefu wote wa mkia-panya bila maelezo, litilie shaka.

Hapo ndipo kina kinapoingia, kwa mlango wa nyuma. Vilindini chakula ni haba na giza limefuta mbio. Juu, jodari anamwona kibua toka mbali na kumkimbiza; chini, hakuna anayemwona mwenzake hadi wawe karibu kabisa. Mwenye pezi la kukimbilia mbali analipa gharama ya misuli na mifupa ambayo haimrudishii kitu. Mwenye mwili mrefu unaojipinda polepole juu ya tope anatumia nguvu kidogo, na urefu ule unampa nafasi ya kupanga viungo vya hisi ubavuni, vinavyosikia mtikisiko wa maji. Kwa hiyo ukoo uliokuwa tayari na mkia uliolegea ulikuta vilindini pakiwafaa. Kina hakikuwachonga, kiliwaacha waendelee.

Wenye nyuzi ni watu wengine tena. Bathypterois grallator, samaki wa miguu mitatu, husimama juu ya sakafu ya bahari kwa miale mirefu ya mapezi mawili ya tumbo na mwale mrefu wa sehemu ya chini ya pezi la mkia. Mwili wake haufiki nusu mita, na miguu hiyo inaweza kukaribia mita moja. Anaelekea mkondo unakotoka, anainua mapezi ya ubavuni kama mtu anayepapasa gizani, anasubiri kijidudu kimguse. Hakuna mfupa mpya hapo. Kilichorefuka ni mwale, ule wa nusu mbili niliokueleza. Akiogelea mwale unalegea na kuburutwa nyuma, akitua unakazwa.

Stylephorus chordatus ana miale miwili ya chini ya mkia mirefu kuliko mwili wote, na huogelea amesimama wima, kichwa juu. Samaki huyu ameelezwa tangu 1791 na kwa muda mrefu aliwekwa kwenye ukoo ambao leo hatumwoni kuwa wake: mwaka 2007 uchunguzi wa DNA ya mitokondria ulimsogeza karibu na hao Gadiformes. Gigantura naye ana panda ya chini iliyorefuka kupita kiasi, na hana undugu wa karibu na Stylephorus. Koo tofauti zimefika kwenye uzi kwa njia zao, na kwa nini mara nyingi ni upande wa chini? Rudi kwenye sahani za changu. Pezi karibu lote linaning'inia chini ya uti. Sikuapii kwamba hiyo ndiyo sababu, ila ndipo ningeanza kutafuta.

Samaki wavuvi wa gizani, wale ambao majike hubeba chambo chenye mwanga kichwani, nitawapitia haraka. Hipurali zao zimeungana zote na pingili ya mwisho kuwa bamba moja, na miale imebaki minane au tisa. Kwa karatasi ungesema wanafanana na jodari, maana wote wana bamba moja. Kwa kazi hawafanani hata kidogo: jodari anapiga mkia usiku kucha, samaki mvuvi anangoja tu. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akitaja mfupa mmoja na kutoa hukumu ya maisha ya samaki.

Nimewaachia mwisho wale wa chini kuliko wote, jamii ya Liparidae, kwa sababu ndio wanaowasumbua zaidi wenzako na habari yao ya shinikizo. Pseudoliparis swirei wa Shimo la Mariana alitambulishwa rasmi mwaka 2017, wakitoka kina cha karibu mita 6,900 hadi 7,966. Mwaka 2022 kamera kwenye mtaro wa Izu-Ogasawara, Japani, ilimnasa samaki wa jamii hiyo akiwa mita 8,336, na hakuna samaki aliyeonekana chini zaidi ya hapo. Hao ni laini, weupe wa waridi, na mifupa yao ina madini kidogo sana. Hipurali zimeungana, miale ni michache, na pezi la mkia limeungana na la mgongo na la chini. Ukiwatoa kwenye maji wanalegea mkononi, na eksirei ya kawaida inaona shida kuwasoma. Inabidi kutumia skana ya tabaka kwa tabaka. Lakini mashimoni wao ndio wawindaji wakuu na wanaogelea vizuri tu. Mackenzie Gerringer na wenzake walionyesha mwaka huohuo wa 2017 sehemu ya siri yake: kuna tabaka la ute mzito wenye maji mengi chini ya ngozi, likijaza umbo kati ya mwili na mkia. Walitengeneza roboti ya samaki huyo, na ilipojazwa tabaka hilo nyuma iliogelea haraka zaidi kuliko bila hilo. Ute ni rahisi kuujenga kuliko misuli na mfupa, na uzito wake unakaribia ule wa maji. Umbo la mkia wa samaki huyo kwa hiyo halimo kwenye mifupa peke yake, na ukimsafisha kama nilivyokwambia umsafishe changu, utakuwa umelitupa.

Hilo linanifikisha kwenye namna ya kuendelea na kazi hii. Kwa samaki wadogo usichemshe. Njia inayotumika tangu miaka ya 1970 ni kuyeyusha nyama kwa kimeng'enya hadi samaki awe angavu, kutia gegedu rangi ya buluu kwa alsiani na mfupa rangi nyekundu kwa alizarini, kisha kumhifadhi kwenye gliserini. Ukitazama mkia wa Liparidae kwa njia hiyo, kiasi cha buluu kitakueleza kwa nini eksirei ilishindwa. Maabara ya chuo chochote cha sayansi ya bahari inaweza kukuandalia. Vifaranga vya dagaa papa vitatosha kuanzia. Na silikanti mwingine akinaswa kwenu, kabla ya kitu chochote kingine piga picha ya mkia kutoka ubavuni ukiwa umetandazwa, rula ikiwa pembeni, kwa ukaribu wa kutosha kuhesabu miale ya juu, ya chini na ya kile kimkia. Kimkia hicho ni laini na huvunjika kwa urahisi samaki anapoburutwa, na mara nyingi sampuli inayofika jumba la makumbusho imeshakipoteza nusu.